Tahadhari za Usalama za Debian: Kusasisha Programu Pekee Hakutoshi

Tarehe 13 Mei, 2008 timu ya usalama ya Debian, mojawapo ya mifumo endeshi huria inayotumika sana kwenye seva duniani, ilitoa tahadhari namba DSA-1571-1. Waliozoea kupokea tahadhari hizo walitarajia maelekezo ya siku zote: udhaifu umebainika, toleo lililorekebishwa lipo, sasisha. Safari hii kulikuwa na agizo zito zaidi. Kila ufunguo wa siri uliotengenezwa kwenye kompyuta ya Debian kwa programu ya OpenSSL, kuanzia toleo 0.9.8c-1, ulipaswa kutupwa na kutengenezwa upya.

Toleo hilo lilikuwa limeingia kwenye mfumo Septemba 2006. Hivyo, kwa takribani miezi 20 taasisi zilikuwa zikitengeneza funguo, zikizisambaza na kuziamini, ilhali funguo hizo ziliweza kubahatishwa.

Funguo zinazozungumzwa hapa ni namba ndefu ambazo kompyuta huzitumia kujitambulisha na kuficha mawasiliano yake. Afisa TEHAMA anayeingia kwenye seva iliyo mkoa mwingine hufunguliwa mlango kwa ufunguo wa aina hiyo. Nguvu yake yote iko katika jambo moja, nalo ni kutotabirika. Kwa sababu hiyo kompyuta hukusanya mambo yasiyokuwa na mpangilio, huyachanganya, kisha huchota humo namba ya nasibu ambayo ndiyo mbegu ya ufunguo.

Kilichotokea ndani ya Debian kilianza kwa nia njema. Mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL alikuwa akishughulikia maonyo yaliyotolewa na Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta. Aliuliza kwa watengenezaji wa OpenSSL, na jibu alilopata halikumkataza. Akazima mistari miwili ya msimbo. Kuzima mmoja hakukuwa na madhara. Mwingine ndio uliokuwa ukimimina viambato kwenye mchanganyiko. Baada ya hapo kiambato cha maana kilichobaki kilikuwa namba ya mchakato, yaani namba ambayo kompyuta huipa kila programu inayoanza kufanya kazi. Kwa kawaida namba hiyo haikuzidi 32,768.

Ni sawa na fundi wa makufuli anayewahakikishia wateja wake kwamba hakuna funguo mbili zinazofanana mjini, kumbe karakana yake ina kalibu 32,768 tu. Kwa binadamu kalibu hizo ni nyingi. Kwa kompyuta, kuzijaribu zote ni kazi ndogo, na ndani ya siku chache baada ya tahadhari kutolewa, orodha kamili za funguo hizo dhaifu zilikuwa zimekwisha kutengenezwa na kuwekwa hadharani.

Kasoro hiyo iligunduliwa na Luciano Bello, mmoja wa waendelezaji wa Debian. Inafaa kuzingatiwa kwamba msimbo wenyewe ulikuwa wazi muda wote huo, na yeyote duniani aliweza kuusoma. Uwazi wa programu huria hutoa nafasi ya kosa kuonekana, lakini bado anahitajika mtu wa kuketi na kulitazama.

Hapa ndipo palipo na tofauti kati ya mtumiaji aliyesoma tahadhari na yule aliyebonyeza kitufe cha kusasisha akaendelea na shughuli zake. Sasisho lilirekebisha fundi, halikubadilisha makufuli yaliyokwisha kufungwa milangoni. Ufunguo dhaifu wa mwaka 2007 ulibaki dhaifu hata baada ya programu iliyouzaa kupona. Tena, ufunguo uliotengenezwa kwenye kompyuta moja ya Debian ukanakiliwa kwenye seva ya mfumo mwingine kabisa uliihatarisha seva hiyo pia, ingawa haikuwahi kuwa na Debian hata siku moja. Siku iliyofuata Debian ilitoa tahadhari nyingine, DSA-1576-1, iliyoambatana na orodha ya funguo za kukataliwa na programu ndogo ya kuzitambua. Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya msingi wa Debian, nao ulitoa tahadhari yake tarehe ileile 13 Mei.

Kwa asiyezoea, tahadhari ya namna hii huonekana kama rundo la tarakimu. Hata hivyo, mpangilio wake ni rahisi. Herufi DSA ni kifupisho cha jina la Kiingereza la tahadhari za usalama za Debian. Namba inayofuata ni ya mfululizo, na ile ya mwisho huonyesha ni chapisho la ngapi, hivyo -2 humaanisha kwamba tahadhari imerekebishwa au kuongezewa jambo. Hutajwa pia namba ya CVE, ambayo ni utambulisho wa udhaifu husika kimataifa. Kwa tukio hili ilikuwa CVE-2008-0166. Tahadhari ya mwaka 2008 ilieleza vilevile kwamba udhaifu huo uliweza kutumiwa na mshambuliaji aliye mbali, na kwamba chanzo chake kilikuwa Debian yenyewe. Kukiri huko kuliwekwa juu kabisa, kabla ya maelezo yoyote.

Sehemu inayowachanganya wengi ni namba ya toleo lililorekebishwa. Debian haipandishi programu hadi toleo jipya kila udhaifu unapobainika; huchukua rekebisho peke yake na kulipandikiza kwenye toleo la zamani ambalo watumiaji wamekwisha kulizoea. Mwaka 2008 toleo salama liliitwa 0.9.8c-4etch3, likibeba ileile 0.9.8c iliyokuwa na kasoro. Mkaguzi wa mifumo anayetazama sehemu ya mbele ya namba anaweza kuandika hoja ya ukaguzi isiyo na msingi. La hatari zaidi ni kuona namba hiyohiyo na kudhani kila kitu ni shwari. Namba ya kulinganisha ni ile iliyoandikwa kwenye tahadhari, hadi herufi ya mwisho.

Kwa Tanzania, tahadhari za usalama wa mitandao hutolewa pia na TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Taarifa hizo haziondoi haja ya kusoma tahadhari za mfumo husika, kwa kuwa maelekezo kama lile la kubadilisha funguo hutoka kwa wenye mfumo.

Zipo pia tahadhari zinazomwambia msomaji kwamba yuko salama. Tarehe 29 Machi, 2024 mhandisi Andres Freund, aliyekuwa akipima utendaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alieleza hadharani kwamba ameona kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Alipofuatilia alikuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeuweka alikuwa amechangia kazi ya programu hiyo kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa.

Siku hiyohiyo Debian ilitoa tahadhari DSA-5649-1. Ilieleza kuwa hakuna toleo thabiti la Debian lililojulikana kuathirika, na kwamba kifurushi kibovu kilikuwa kimeishia kwenye matawi ya majaribio. Waliokuwa wakitumia matawi hayo walitakiwa kusasisha mara moja. Kifurushi kilirudishwa kwenye msimbo wa zamani, lakini kompyuta hazikubali kwa urahisi kurudi nyuma kwenye namba ndogo, kwa hiyo kilipewa namba 5.6.1+really5.4.5-1. Neno hilo la Kiingereza lililochomekwa katikati lina maana ya "kwa kweli", na lilimfahamisha mtumiaji kwamba alichonacho sasa ni 5.4.5.