KURUDIA DARASA: NI DAWA AU NI ADHABU?

Wanafunzi wengi wakisikia habari ya kurudia darasa huona haya, kana kwamba imetajwa habari ya wizi. Mimi mwenyewe nilirudia kidato cha pili. Kwa kuwa wako wazazi wanaojiuliza lipi lililo jema kwa watoto wao, nimeona yafaa nieleze niliyojifunza.

Kwanza tuitazame kanuni. Hapa Tanzania mwanafunzi wa kidato cha pili hufanya upimaji wa taifa, na asiyefikia kiwango hurudia mwaka. Mwaka 2008 sharti hilo liliondolewa, wote wakapanda. Mwaka 2012 likarudishwa. Jirani zetu wa Kenya wameshika njia nyingine: sheria yao ya elimu ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi kuzuiwa asipande darasa. Basi hata wakubwa hawajaafikiana.

Kila upande una sababu zake. Asiyeijua aljebra ya kidato cha pili ataifanyaje ya kidato cha tatu? Lakini anayerudia huachwa na wenzake, na mzazi huongezewa mwaka wa gharama. Ada ya shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, ila nauli, sare na madaftari bado hununuliwa.

Mwaka ule tulirudia wawili katika bweni letu. Mimi nilikuwa nimesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na huku masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Nilikuwa nikikariri sentensi nisizozijua maana. Niliporudia, mwalimu wa Kiingereza aliniagiza kila jioni niandike ukurasa mmoja kueleza somo la siku kwa maneno yangu, naye akausahihisha. Mwisho wa mwaka nilifaulu.

Mwenzangu alirudia kwa namna ile ile ya zamani. Aliketi nyuma na kunakili daftari la jirani yake. Mtihani wa muhula wa kwanza akashindwa tena, na wengi tukasema ni mvivu. Siku moja mwalimu alimwona akikodolea macho ubao. Alipelekwa hospitali, ikaonekana kwamba haoni mbali. Alipata miwani mwezi wa Julai, na mwezi wa Novemba akafaulu vizuri. Kama angalipimwa mapema, huenda asingalirudia kabisa.

Kwa hiyo, kabla ya kukata shauri, mzazi na mwalimu waulize mambo matatu. Je, mtoto ameshindwa kwa sababu gani: ugonjwa, lugha, macho, au uzembe? Je, ni masomo machache, ambayo masomo ya ziada wakati wa likizo yangetosha, au msingi wote haupo? Na mwaka wa pili utakuwa na jambo gani jipya? Kama hakuna jipya, mtoto atapewa mwaka ule ule mara mbili, na matokeo yale yale. Tena yeye mwenyewe aulizwe, maana mara nyingi ndiye ajuaye panapomwuma.

Nasi wanafunzi tusiwacheke wanaorudia. Mimi nilichekwa, na kicheko kile kilinizuia kuuliza maswali darasani kwa muda wa miezi miwili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.