Bowa na telefone: je, jina lenye programu inatoa ni la kuaminia?

Kila mwaka, mvua ikikolea, wamama wanauzisha bowa (uyoga) kando ya barabara za kuingia Lubumbashi. Leo mtu akiona bowa yenye hajui, anaweza kuipiga picha na telefone, na programu inamupa jina palepale. Ni jambo zuri kwa kujifunza na kwa kuandikisha viumbe vya pori letu. Lakini jina hilo halitoshi kwa kuweka bowa katika chungu.

Programu moja yenye kujulikana sana ni iNaturalist, yenye ilianzia Marekani mwaka 2008. Watu wa inchi nyingi wanatuma humo picha za mimea, ndege, nyoka na bowa, pamoja na fasi na tarehe. Tangu 2017, mashini yenyewe inapendekeza jina. Inalinganisha picha yako na picha zenye ilifundishwa nazo, kisha inaonyesha majina yenye kukaribiana.

Shida iko hapa: mashini inajua tu vile ilionyeshwa. Ili aina moja iingie katika mafundisho, inaomba picha karibu 100. Ulaya na Marekani picha ni nyingi. Katika miombo ya Haut-Katanga ni chache sana. Kama bowa ya kwetu haimo, mashini haiwezi kuitaja hata siku moja. Itatoa jina la ndugu yake, ao la aina ya mbali yenye kufanana nayo.

Tuchukue mfano wa Amanita loosii, yenye Wabemba wanaita tente. Watu wa huku wanaikula tangu zamani. Iko na pete kwenye muguu na kikombe chini. Lakini Amanita phalloides, yenye inaua watu Ulaya, nayo iko na pete na kikombe. Picha moja ya juu, bila muguu, haiwezi kutofautisha vizuri ndugu hawa.

Mwaka 2023, watalamu wa Australia walitoa matokeo ya kupima programu tatu kwa picha za bowa 78. Programu yenye ilifaulu kupita zingine ilipata jina la kweli kwa 49 kwa mia tu. Ni kusema, hata ile ya kwanza ilikosa zaidi ya nusu.

Katika iNaturalist watu nao wanasahihisha mashini. Jina linahesabiwa kuwa la kutumikia utafiti kama watu wawili ao zaidi wanapatana, na wenye kukubali wanapita theluthi mbili. Lakini kama wa pili anakubali tu juu mashini imesema, kosa linapata muhuri, na kesho linaweza kurudi kuifundisha mashini ileile.

Basi watu waache kuandikisha? Hapana. Picha za Lubumbashi ndizo zinakosekana. Ila zipigwe vizuri: juu ya kofia, chini ya kofia, muguu muzima wenye kuchimbuliwa mpaka chini, na muti wenye uko karibu. Andika tarehe, harufu, na jina la kienyeji. Kama haujui aina, acha kwenye jina la ukoo, usikubali tu lile la mashini.

Kuna pia kitabu kuhusu bowa za kuliwa za Haut-Katanga, chenye kiliandikwa kwa Kifaransa na André De Kesel, Bill Kasongo na Jérôme Degreef mwaka 2017. Ni cha kwetu, na kinasaidia kulinganisha kupita programu ya mbali.

Kwa chakula, sheria ni moja: bowa yenye hakuna mtu mwenye kuijua vizuri katika jamaa ao kijiji, isiliwe, hata telefone iseme nini. Kupika hakuondoi sumu ya Amanita phalloides. Dalili zake zinaweza kukawia saa 6 mpaka 24, kisha tumbo linatulia kidogo, wakati maini inaendelea kuharibika. Mwenye kutapika ao kuharisha kisha kula bowa aende hospitali mbio, na abebe masalio ya ile bowa. Pale munganga anahitaji kuiona yenyewe, kuliko jina lenye telefone ilitoa.