Ajira ya Mwalimu wa Kiswahili: Tuhesabu Vipindi

Mhitimu wa Kiswahili anayerejea kwao Nyakiriba, wilayani Rubavu, hushangaa. Mjini Gisenyi, si mbali na kwao, lugha hii husikika sokoni na mpakani kila siku, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda. Mbona basi nafasi ni chache?

Jibu limo katika ratiba. Nafasi ya mwalimu hutokana na vipindi, wala si hadhi ya lugha. Kiswahili kikiwa na vipindi vichache kwa wiki, mwalimu mmoja hutosha shule nzima. Mwenye somo la pili, mathalani Kinyarwanda au Kiingereza, huijaza ratiba kwa urahisi zaidi. Wanafunzi wetu walizingatie hili wanapochagua masomo, si siku ya kuvaa joho.

Siku hizi maombi hayapelekwi kwa bahasha. Tangu 2020 uajiri husimamiwa na bodi ya elimu, REB. Maombi hutumwa kwa intaneti, kisha kuna mtihani. Agosti 2022 mshahara wa walimu wenye shahada uliongezwa kwa asilimia 40, kwa hiyo wapinzani msiwatarajie kupungua.

Kwenye mtihani ndipo kijana wa mpakani anapojikwaa. Kiswahili cha Goma humpa ulimi mwepesi (wengi wetu tunamwonea wivu), lakini aliyezoea kusema "kitabu yangu" huandika vivyo hivyo. Aanze kurudia upatanisho wa ngeli na kuandaa maandalio ya somo kabla tangazo halijatoka.