Nani kauimba Malaika vizuri zaidi?

Harusi za Bofu, kwetu Mombasa, na za Likoni nzima kwa jumla, hazikosi wimbo wa Malaika. Bibi harusi akiingia ukumbini, au keki ikikatwa, fundi wa muziki huuweka bila kuulizwa. Sijawahi kumwona mtu akishtuka. Na wimbo wenyewe unahusu harusi iliyoshindikana! Kijana anampenda msichana, anataka kumuoa, mali hana, hadithi imekwisha. Tumeuzoea mno hata hatusikii tena unalosema.

Huku Göteborg ninakoishi nimeukuta umetangulia. Nikijitambulisha kwa mzee wa Kiswidi kwamba natokea Mombasa, mara nyingi hunianzia wimbo huo, maneno yamevunjikavunjika lakini sauti iko pale pale. Sababu ni bendi ya Hep Stars, iliyouimba miaka ya 1960 ukavuma sana Sweden. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima akiwa na ABBA, kisha akaingia kwenye tamthilia za muziki kama Chess. Toleo lao ni la vijana waliopenda sauti kabla ya kujua maana. Silidharau, ila sina mengi ya kulisemea.

Kabla ya kuwapima waimbaji wengine, kwanza asili. Wimbo huu una baba zaidi ya mmoja. Yuko Adam Salim, mtunzi wa Tanzania, anayesemekana kuutunga mwaka 1945 baada ya wazazi wa mpenzi wake kumkataa na kumwoza binti yao kwa tajiri. Wapwani wengine humtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Lakini aliyetangulia kuurekodi ni Fadhili William Mdawida, mwana wa Taita, mwaka 1960 akiwa na Jambo Boys. Aliurudia mwaka 1963 katika Equator Sound, studio ya Nairobi iliyokuwa ya Mwingereza Charles Worrod, na hilo ndilo toleo ambalo wazazi wetu walilisikia redioni. Ugomvi wa nani mwenye wimbo haukuisha Fadhili alipofariki Februari 2001, na sidhani makala ya blogu itaumaliza.

Msikilize Fadhili sasa kwa makini. Gitaa zinakwenda mwendo wa mtu anayetembea jioni, hana haraka. Sauti yake ni nyepesi, haibani koo, haipandi kutafuta makofi. Akifika pale kijana anapokiri kwamba mali imemshinda, hapunguzi mwendo wala haongezi huzuni. Analipitia jambo hilo kama mtu aliyezoea kukosa. Kwangu mimi huo ndio ufundi wake mkubwa: aibu ya kukosa mahari haililiwi hadharani, inasemwa kwa utulivu, na anayejua anajua. Kijana yeyote wa ng'ambo ya feri aliyewahi kupeleka wazee kuposa, wakarudi na orodha ndefu kuliko mfuko, atautambua utulivu huo.

Miriam Makeba aliubeba wimbo mahali pengine kabisa. Mwaka 1965 yeye na Harry Belafonte waliutia kwenye albamu yao ya pamoja, An Evening with Belafonte/Makeba, na mwaka uliofuata albamu hiyo ikapata tuzo ya Grammy. Mwendo ni wa polepole, kila silabi inapewa nafasi yake, na malalamiko ya Fadhili yanageuka kuwa kitu kinachokaribia dua. Ni pazuri mno. Ila hapo pia kisa kinabadilika, na watu wachache wamelitazama hilo. Kiswahili hakina kiambishi cha kumtenga mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuimba maneno yale yale bila kubadili hata moja. Lakini mahari hulipwa na upande wa mwanamume, Pwani kwetu na hata kule Afrika Kusini kwa kina Makeba. Mwanamke akiimba kwamba hana mali ya kuolea, amekalia kiti cha mwanamume. Na wawili wakiimba pamoja, mwanamume na mwanamke, basi wote wawili ni maskini na wote wanapendana. Aliyekataa ni nani? Baba mkwe ametoweka. Umebaki upendo mtupu, na upendo mtupu huvuka mipaka ya nchi kwa urahisi kuliko mahari.

Kuna jambo jingine linalompa Makeba nguvu. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti ya wimbo huu imejengwa juu ya mkazo huo: neno Malaika linakaa na kurefuka pale pale kwenye i. Kixhosa, lugha ya Makeba, nacho hurefusha silabi hiyo hiyo. Kwa hiyo hata pale matamshi yake yanapoonyesha kwamba Kiswahili si chake, mdundo wa lugha hauvunjiki. Wazungu wengi walioufuata wimbo hawakuwa na bahati hiyo. Wanaweka uzito pasipo pake na sikio la Mswahili linajikwaa.

Boney M waliutoa mwaka 1981, chini ya mtayarishaji Mjerumani Frank Farian. Umenyooshwa, umepigwa pasi, huzuni yote imetolewa. Unachezeka. Basi.

Angélique Kidjo wa Benin ni habari nyingine. Alikua akimsikiliza Makeba, na mwaka 1991 aliuweka wimbo kwenye albamu yake ya Logozo. Vyombo vinakaa nyuma, sauti yake inasimama mbele peke yake, kubwa, bila woga. Kama unataka kujua wimbo huu una sauti ya kiasi gani ndani yake, anza na Kidjo. Kisa cha kijana asiye na mali sikisikii pale. Namsikia mwimbaji anayemshukuru aliyemtangulia.

Wa kushangaza zaidi ni Usha Uthup, mwimbaji wa India mwenye sauti nzito, aliyewahi kukaa Nairobi na kuimba kwa Kiswahili. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilimpa uraia wa heshima wa Kenya. Sauti ile ya chini haijaribu kumfanya malaika awe laini. Kati ya wanawake wote walioimba, yeye ndiye aliyeukaribia zaidi mzigo wa Fadhili, kwa maoni yangu.

Nimewaacha mwisho wale tunaowacheka: bendi za hoteli. Vijana wengi wa Bofu hupanda matatu za Ukunda kwenda kutafuta riziki katika hoteli za Diani, na baadhi yao ni wanamuziki. Mashati ya kitenge yanayofanana, gitaa mbili, ngoma moja, kutoka meza hadi meza mtalii akila kamba. Malaika, kisha Jambo Bwana ya Them Mushrooms, kisha bakshishi. Husemwa wameuchakaza wimbo. Mimi nasema hapana. Mvua za masika zikianza watalii hupungua, hoteli nyingine hufunga, na mwanamuziki huyo hurudi nyumbani mkono mtupu mpaka Julai. Kati ya wote niliowataja, ndiye pekee ambaye maneno ya kukosa mali ni habari yake ya mwaka huu. Ukimkuta katika usiku mzuri, wasikilizaji wachache, hana haja ya kumfurahisha mtu, utasikia mwendo ule ule wa Fadhili.

Hukumu yangu basi: kwa sauti, Kidjo, kwa uzuri, Makeba, kwa kisa chenyewe, Fadhili, na hakuna aliyemkaribia kama hao wa mezani. Santuri za wakubwa zimehifadhiwa. Za bendi za hoteli zilikuwa kanda zilizouzwa mapokezini, nyingi hazina hata majina ya waimbaji. Kama nyumbani kwenu Likoni, Kisauni au Changamwe kuna kanda kama hiyo, usiitupe. Muulize mjomba au ami aliyepiga humo nani aliimba, uandike jina lake juu ya kasha, kisha uinakili kwenye simu kabla utepe haujaoza.