Hesabu Majani Kabla ya Kuhesabu Ng'ombe

Mfugaji akiulizwa idadi ya ng'ombe wake hujibu mara moja, wala hakosei hata ndama mmoja. Lakini akiulizwa malisho yake yana majani ya aina ngapi, na ni sehemu gani ya ardhi iliyo tupu, hunyamaza. Jambo hili ni la kustaajabisha, maana ng'ombe ni mali itokayo katika majani. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena macho hudanganya. Baada ya mvua kila mahali huwa kijani, na mtu akitazama kwa mbali hudhani malisho yote ni sawa. Kumbe upande mmoja umeota majani ya kudumu, yenye mizizi inayoshika udongo, na upande wa pili umeota magugu ya msimu mmoja ambayo jua likizidi hukauka na kupeperuka. Mwenye kudanganyika huongeza ng'ombe, na ukame ukija hujuta. Katika mwaka 1961 nchi ya Umasai ilipatwa na ukame mkali, kisha mwaka huo huo mafuriko yakafuata. Mvua ya namna hiyo ikianguka juu ya ardhi tupu haiingii chini, bali hukimbia na kuchukua udongo wa juu, nao haurudi tena.

Kazi ya kuandika habari za mimea si ngeni kwetu. Mwaka 1940 Bw. D. C. Edwards, mtaalamu wa malisho, alitoa ramani ya mimea ya Kenya iliyoonyesha namna za mbuga zetu. Tangu mwaka 1952 hata 2012 vilichapishwa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, na aina zilizoandikwa humo zapita 12,000. Lakini hakuna kitabu kitakachokuambia habari za shamba lako. Hiyo ni kazi yako, nayo haihitaji mashine.

Kwanza, gawanya ardhi yako kwa namna ilivyo: bondeni, mteremkoni, chini ya miti, na mahali palipokuwa na boma zamani. Usichanganye hesabu zake. Penye boma la kale udongo una mbolea nyingi, na majani yake huwa mengine kabisa. Kivulini huota majani marefu yasiyopenda jua kali. Ukichanganya yote, uzuri wa bonde utaficha ugonjwa wa mteremko.

Pili, pima jinsi ardhi ilivyofunikwa. Chagua mti ulio mbali, uuelekee moja kwa moja, na kila baada ya hatua mbili simama utazame ncha ya kiatu chako. Je, imegusa shina la majani, takataka zilizokauka, jiwe, au udongo mtupu? Andika alama, hata zitimie 100. Udongo mtupu ukipata alama 40, basi sehemu 40 katika 100 za mahali hapo ziko wazi. Usikwepe miiba wala usichague pa kukanyaga, maana hapo utakuwa unajidanganya mwenyewe.

Tatu, hesabu aina. Funga fito nne ziwe mraba wa mita moja kila upande, uulaze chini na kuandika kila aina iliyomo. Uhamishe mahali pengine hatua ishirini mbele, ukaandike aina mpya tu. Aina mpya zikikoma kuonekana, umekwisha kuijua sehemu hiyo.

Hapa yafaa kuonya. Wingi wa aina peke yake si dalili ya afya. Mahali palipochakaa huweza kuwa na magugu ya kila namna, na ng'ombe asipate chakula. Tazama ni aina gani zinazoongezeka na zipi zinazopungua. Majani yenye masuke mekundu ambayo wataalamu huyaita Themeda triandra, na yale ambayo Wakamba huyaita mbeetua na ndata kivumbu, yakipungua mwaka hata mwaka huku udongo mtupu ukizidi, ujue mifugo imepita kiasi. Pumzisha mahali hapo kabla mvua haijachimba makorongo.

Usipojua jina la mmea, ung'oe pamoja na mizizi na maua yake, uulaze kati ya kurasa za gazeti ulilokwisha kulisoma, na kuweka mawe juu yake hata ukauke. Andika mahali, tarehe, na jina la kwenu. Bwana Shamba aweza kukusaidia; na huko Nairobi, kwenye makumbusho ya taifa, iko hazina kubwa ya mimea iliyokaushwa, ambayo wataalamu hulinganisha nayo.

Rudia hesabu kila mwaka katika mwezi ule ule na kwa njia ile ile. Hesabu ya kwanza itakuonyesha hali ilivyo. Ya pili na ya tatu zitakuonyesha inakoelekea. Nusu siku ya kazi na daftari dogo ndiyo gharama yake. Atakayeanza sasa ataweza kuuza ng'ombe wawili wangali wanono, kabla ukame haujamlazimisha kuuza kumi waliokonda.