Kukosa Usingizi (2): Ubongo Unaokesha

Wiki iliyopita tuliona kwamba tatizo hili huhesabiwa kuwa sugu linapomsumbua mtu angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi. Leo tuingie ndani ya ubongo, maana huko ndiko liliko jibu la lawama wanayotupiwa sana wagonjwa hawa: "Mbona ulikuwa unakoroma? Unasemaje hukulala?"

Mwaka 1929 daktari Mjerumani, Hans Berger, alichapisha michoro ya kwanza ya umeme wa ubongo wa binadamu. Aliyelala fofofo huonyesha mawimbi makubwa ya polepole, yasiyozidi 4 kwa sekunde. Aliye macho akiwaza huonyesha mawimbi madogo ya kasi, zaidi ya 15 kwa sekunde, yaitwayo beta. Kwa baadhi ya wanaokosa usingizi, beta hizo haziondoki hata mwili ukishalala. Taa zimezimwa, lakini redio bado inasema.

Mwaka 2004 Eric Nofzinger na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walipima jinsi ubongo unavyotumia sukari, maana sehemu inayofanya kazi zaidi huitumia zaidi. Waliopimwa walikuwa wachache, lakini matokeo yana uzito: kwa wenye tatizo, sehemu zinazotuweka macho hazikutulia usingizini kama zilivyotulia kwa wenzao. Basi anayeamka na kusema hakulala hasemi uongo. Amelala huku sehemu ya ubongo wake ikiendelea na zamu.

Msisimko huo hauishii usiku. Ndiyo maana wengi wao huchoka mchana kutwa, na bado wakijilaza kidogo alasiri usingizi hauji. Kisha kitanda chenyewe huingia kwenye ugonjwa: mtu akishajigeuzageuza humo usiku mwingi, ubongo hujifunza kuwa hapo ni mahali pa kukesha, na shuka tu likimgusa, moyo unaanza kwenda mbio. Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani, alipendekeza mwaka 1972 dawa isiyo na kidonge: usingizi usipokuja, ondoka kitandani, rudi ukisinzia, na amka saa ileile kila siku. Ni ngumu wiki za mwanzo, nakiri, lakini ni sehemu ya tiba ambayo chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri mwaka 2016 itangulie vidonge.

Nawe unayelala naye chumba kimoja, akikwambia asubuhi kwamba hakulala, mwamini, kisha msindikize kwa daktari.