Kadi na Karatasi za Krismasi: Nunua kwa Mchoraji

Mwaka 1843, huko London, Henry Cole alielemewa na barua za salamu za sikukuu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja. Zikachapwa nakala zipatazo 1,000, zikatiwa rangi kwa mkono na kuuzwa kwa shilingi moja kila moja. Wapinga pombe walikuja juu, maana pichani mtoto ananyweshwa divai. Hata hivyo biashara ya kadi za Krismasi ilianzia hapo, mikononi mwa mchoraji.

Nami bado huwaelekeza watu kwa wachoraji wanaojitegemea. Kampuni kubwa inapochapa mchoro, kwa kawaida mchoraji huambulia asilimia chache tu ya mauzo. Ukimlipa mwenyewe, faida inabaki kwake.

Ila chunguza kazi kabla ya kulipa. Kwenye karatasi ya kufungia zawadi, tazama kwanza mahali mchoro unapoanza kujirudia. Mchoraji hutengeneza kipande kimoja, akakirekebisha mpaka ukingo wa kulia uoane na wa kushoto, wa juu na wa chini, pasipo tawi kukatika wala ndege kupoteza mkia. Akilipua, utaona mistari, kama gauni la kitenge ambalo fundi hakujali maua yakutane wapi. Wajuzi husogeza kila safu nusu hatua, na hapo hata mimi hupata taabu kuona kipande kinaishia wapi.

Kwa karatasi hiyo, uzito wa gramu 80 hadi 100 kwa mita ya mraba unafaa. Nyepesi mno hutobolewa na pembe za boksi. Nzito mno hubandua selotepu. Kadi iwe na gramu 300 hivi, na ndani isiwe na mng'ao, kwa sababu wino wa kalamu haukamati vizuri penye mng'ao. Salamu ndefu zilizokwisha kuchapwa sizipendi hata kidogo.

Vumbi la kumetameta liache. Mara nyingi ni plastiki, na karatasi yenye plastiki haichakatwi upya kwa urahisi. Ukiwa na shaka, ifinyange kiganjani: ikijikunjua yenyewe, huenda ina plastiki.

Agiza Novemba. Wachoraji hawa huchapa nakala chache, na ukichelewa utaletewa mchoro ambao wenzako wameukataa.